Alama ya Ng'ombe kwenye Stata

Uvivu ungekuwa mifugo, Fundi Haroun angekuwa tajiri kuliko Waorma wote wa Garsen. Hivyo ndivyo Sabdio alivyomwona, na hakuficha. Probox yake, gari la kubebea maziwa alilolinunua kwa kuuza mitamba baada ya mumewe Molu kufariki, ilikuwa imelala gereji tangu Ramadhani ilipoisha. Aliipeleka kwa klachi tu. Klachi ikatengenezwa, mara ikawa stata ya kuwashia injini imekufa.

"Mamangu, stata ni ya kuagiza Mombasa. Inakuja," Haroun alisema kila mara, huku akipokea kikombe cha maziwa. Haya hakuwa nayo hata ya dawa. Lakini Sabdio alilelewa asimwendee mtu mikono mitupu, hata mtu wa aina hiyo.

Maziwa yenyewe ndiyo yaliyokuwa msiba. Bila gari, wanawake wa maboma hawakuwa na wa kuwafikishia sokoni. Yalichacha vibuyuni, na tayari walikuwa wakinong'ona habari za mchukuzi mwingine. Akiwapoteza hao, Sabdio angerudi kuwa mjane wa kulishwa na shemeji zake.

Siku moja alimkuta Kotile, mchuuzi wa maembe wa kijiji cha Wema ambaye naye ana Probox, amefungua boneti ya gari lake pale gereji anaongeza maji. Sabdio akachungulia. Kwenye stata palikuwa pamechongwa mstari mrefu na mifupi miwili ubavuni: alama ya ng'ombe wa Molu. Alipolinunua gari, Sabdio aliichonga kwa patasi kwenye kila chuma alichokifikia, watu wakamcheka.

"Kotile, hii stata umetoa wapi?"

"Haroun ameniuzia juzi, mama. Kuna nini?"

Sabdio hakupaza sauti. "Fundi, kuja. Hii alama unajua?"

Haroun akaitazama. "Hiyo? Mikwaruzo tu, mama."

"Ng'ombe yangu yote iko na hii mikwaruzo."

Njia ya mwongo ni fupi. Kotile akaokota spana, akamrushia fundi miguuni. "Fungua! Mrudishie yake, halafu tutaongea pesa yangu." Watu wa bodaboda wakasogea kutazama.

Kumbe mikono ya kazi ilikuwepo siku zote! Kabla ya adhuhuri Probox ya Sabdio ilinguruma. Haroun akajifuta jasho na, kwa mazoea yake, akanyoosha mkono kupokea kikombe. Sabdio akakijaza hadi ukingoni. Kwao maziwa hayamwagwi chini, ni mwiko. Akayanywa yote yeye mwenyewe, polepole, akimtazama usoni, kisha akapanda gari akaenda zake mabomani.