Niliuimba Mbele ya Mama Yake

Nilipoolewa na kuletwa kwenye shamba la chai karibu na Kericho, sikujua mtu. Nilitoka kando ya ziwa, kwenye joto, na baridi ya huku ilinikaa mifupani miezi mitatu mfululizo. Tuliishi katika nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu, tulizoziita laini. Mume wangu alikuwa akichochea moto wa kukaushia majani kiwandani. Zamu zikimbana, tungeweza kumaliza siku mbili tukionana mlangoni tu, yeye akiingia, mimi nikitoka. Labda kwa kunionea huruma, alinunua kinanda cha santuri kutoka kwa mwenzake aliyekuwa akihama. Kilikuja na santuri tano. Nne zilikuwa za kwetu. Ya tano ilikuwa ya Kikipsigis, lugha ya wenyeji wa huku, na mume wangu alipoisikia mara moja tu alisema, "Hiyo iweke kando, hatuelewi kitu."

Sikuiweka kando. Kijana alikuwa akiimba peke yake na gitaa, kwa sauti ya chini, kana kwamba anayemwimbia ameketi palepale chumbani. Nyimbo za kwetu zilinikumbusha nyumbani, nikalia. Huu haukunikumbusha kitu. Niliupiga tena na tena mpaka nikayashika maneno yote kwa sikio, bila kujua hata moja lina maana gani. Kwa jinsi sauti ilivyokuwa ikishuka, niliamua ni wimbo wa mtu aliyeachwa.

Nikaanza kuuimba shambani. Tulichuna majani kwa mistari, vikapu mgongoni. Kwenye mstari wa kulia kwangu alikuwa mama mmoja Mkipsigis, mtu mzima, mwembamba, mwenye mikono myepesi ajabu. Tulisalimiana kwa neno lao, chamgei, ambalo ndilo karibu pekee nililolijua, kisha kila mtu na majani yake. Nilipoanza kuimba, wanawake wengine walinyamaza. Nilidhani wamependezwa, nikaongeza sauti. Niliimba hivyo kwa siku nne.

Siku ya tano, tukisubiri kupimiwa, nyapara aliniita pembeni.

"Mama, huo wimbo uache."

"Kwani ni mbaya?"

"Si mbaya. Aliyeuimba alikufa Nairobi, bado kijana kabisa. Na huyo unayechuna naye ndiye mama yake."

Nilishikwa na aibu hata nikashindwa kuinua kikapu. Jioni hiyo nilikwenda kwake, chumba cha mwisho laini ya juu, nikiwa na unga kidogo wa wimbi.

"Mama, nisamehe. Sikujua."

Alinipa kigoda. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, na gitaa aliliita "kitaa".

"Maneno unayakosea," alisema. "Lakini unashuka pale aliposhuka yeye. Ulijifunza wapi?"

Nikamweleza habari ya santuri. Alikuwa akijua ipo, lakini hakuwahi kuisikia. Mwanawe, alisema, aliondoka nyumbani akiwa mzima, akaimba ndani ya mashine ya wazungu, na baada ya hapo ndipo kifua kilipomshika. Haikupita miezi mingi, barua ikaja kwamba wamekwisha kumzika hukohuko.

"Ile mashine ilikunywa pumzi yake," alisema, bila hasira, kama mtu anayetaja kesi iliyokwisha kuamuliwa. Halafu akasema, "Nataka kumsikia."

Alikuja Jumapili baada ya kanisa. Mume wangu alikuwa kazini. Mvua ya mawe ilikuwa ikipiga mabati, hatukusikiana, basi tukanywa chai tukingoja ipite. Ilipotulia nilikizungusha kinanda mkono wake, nikaweka sindano.

Mama aliinama mpaka sikio likakaribia kugusa sanduku. Kisha akacheka. Nilishtuka.

"Huyo ndama ni wetu!" alisema. "Alikataa kuvuka mto. Sikia anavyomwambia: wewe ni bibi harusi, unangoja tukuahidi ng'ombe ndipo uvuke?"

Kumbe wimbo niliouhuzunikia miezi yote hiyo ulikuwa wa mzaha. Alicheka tena, akipangusa macho, nami nikacheka, nikajiona nimefanya jambo jema.

Wimbo ukaisha. Pale mwisho, gitaa likiwa limenyamaza na sindano bado inatembea, mtu anakohoa mara mbili, kikohozi kikavu, cha kujizuia. Nilikuwa nimekisikia mara nyingi bila kukijali. Mama aliacha kucheka.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha.

"Tena."

Mara ya tatu alinishika mkono nisirudishe.

"Alikuwa akikohoa hivyo nyumbani," alisema. "Kabla hajaenda. Tulikuwa tukipanda mlima na mahindi, anasimama, anatembea kidogo, anasimama. Nilimwambia ni uvivu wa kitaa. Nilimwambia mbele ya watu."

"Labda ni mtu mwingine aliyekohoa, Mama."

"Ni yeye."

Alijifunga leso yake, akatoka. Chai yake ilibaki nusu kikombeni.

Jumatatu hakuja mstarini. Aliporudi, baada ya wiki nzima, aliomba kupelekwa sehemu nyingine ya shamba, na mstari wake akapewa msichana mmoja wa gumzo mchana kutwa. Nilimvizia mama njiani, santuri nimeifunga kwa kitambaa.

"Chukua, Mama. Ni yako."

Aliishika kidogo, akapitisha kidole ukingoni, akanirudishia.

"Nitaipiga na nini? Na ningekuwa na chombo, ningesikiliza ule mwisho tu."

Nilimwuliza kama amenikasirikia.

"Hukukosa, mtoto wangu. Mimi ndiye niliyeomba. Lakini ulipokuwa ukiimba tu, pale mstarini, na maneno yako yaliyopinda, nilikuwa nafurahi. Nilimwambia nyapara akuache. Hakunisikia."

Kabla ya mvua kubwa kwisha alihamia kwa binti yake upande wa Bomet. Sikumwona tena. Mume wangu aliniuliza mbona siku hizi niko kimya hivi. Nilimwambia nina mimba. Ilikuwa kweli, lakini sicho alichokuwa akiuliza.