Mkanda Uliochezwa Mara Moja

Ujana wangu niliumalizia kwenye mkonge, upande wa Kimamba. Nilikuwa nalisha korona, ile mashine inayokamua majani yabaki nyuzi za singa. Nyapara alitufundisha jambo moja tu: ikishaanza kula, usiiambie ngoja. Mwenzangu mmoja aliiambia ngoja, akarudi nyumbani na vidole saba. Na kwenye bao alitufunga wote mpaka uzeeni, vile vitatu sijui alikuwa na kazi gani navyo.

Basi fundi wa kompyuta pale Mikumi aliponiambia jambo lile lile, nilimwelewa haraka kuliko alivyotegemea. Mimi shule niliishia darasa la pili.

Nilimpelekea mkanda wa kamera. Miaka ya ruksa, vitu vilipoanza kujaa madukani, shemeji yangu alikuwa mpishi kwenye hoteli ya watalii, mgeni mmoja akamuuzia kamera. Siku mtoto wetu anatolewa nje kwa mara ya kwanza, shemeji akaja nayo kwetu Mabwerebwere, akapiga kila kitu, hadi kuku. Mwaka haukuisha, mke wangu akafariki. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Sasa alikuwa anakaribia kuolewa, na sauti ya mama yake haikumbuki.

Fundi alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, wazee wake walihamia huku na ng'ombe. Akaunganisha kamera ya shemeji na kompyuta kwa waya, akaufungua mkanda, akauangalia kwenye mwanga. Ulikuwa na ukungu.

"Mzee, huu nitaucheza mara moja tu," akasema. "Saa nzima, mwanzo mpaka mwisho, bila kusimamisha, kompyuta ikiunakili. Ukikatika katikati, ndiyo basi."

Nikavuta benchi karibu. Hapo ndipo binti yangu akaingia, kamshika mkono bibi yake, mama wa marehemu, aliyeteremka kutoka Vidunda tangu alfajiri. Duka lenyewe chumba kimoja, benchi moja. Nikainuka, nikamwamkia mkwe wangu huku naangalia ukuta, nikatoka.

Fundi akanifuata mlangoni. Akaniuliza kama yule bibi anang'ata.

"Hang'ati. Ni mkwe," nikamwambia. "Washa."

Kwao sijui wanafanyaje. Kwetu mimi siketi chumba kimoja na mama mkwe, hata kama ndani kuna marehemu anaongea. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa chini ya dirisha. Sisemi uongo, niliumia. Malori yakawa yanapita barabara kuu, kila likipita sisikii ya ndani, natukana kimoyomoyo. Nusu saa nzima ilikuwa vigelegele na kuku. Mara mlio wa kukwaruza, nikasimama. Fundi hakugusa kitu. Ukwaruzaji ukapita.

Halafu nikaisikia. "Shikamoo, mama."

Na mle dukani mkwe wangu, bila kungoja, akaitika, "Marahaba, mwanangu." Akaongeza maneno ya Kividunda ambayo sikuyashika. Hakuna aliyemwambia kwamba ni mkanda. Nani angemwambia?

Mke wangu akaendelea kuongea na wageni, akacheka kile kicheko chake cha puani, akauliza baba mtoto yuko wapi. Shemeji akamjibu mkandani kwamba yuko nje, kwa sababu mama yupo ndani. Siku ile yote nilikuwa nje, nilikuwa nimesahau kabisa.

Binti yangu akachungulia dirishani, analia na kucheka pamoja. Alikuwa anachekea puani. Miaka yote ile sikuwa nimejua kicheko hicho kimetoka wapi.

"Baba, mama anakuuliza."

"Mwambie nipo hapa nje."

Akarudi ndani. Nikangoja mpaka fundi akasema kwa sauti kwamba saa imetimia na yote yameingia, salama. Mkwe wangu akaomba arudishiwe mwanzo, aisikie tena ile shikamoo. Fundi akamwambia sasa hata mara mia, mama.

Nikairudisha ndoo mahali pake, nikashika njia ya stendi. Dukani pale sijarudi tena; niliyoyasikia dirishani yamenitosha.