Gari Langu Haliuzwi

Gari langu lilianza kulia nyuma wakati wa masika. Kwanza ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu anayeguna chumba cha pili, halafu ukawa mngurumo: ukizidisha mwendo nao unazidi, ukipunguza nao unapungua. Watu wa Ole, kijijini kwetu, waliujua kabla yangu. Nikipita dukani wanageuza shingo, na muuza duka, ambaye hana hata baskeli, akanishauri nilitupe.

"Mwalimu, limeshakwisha hilo."

Nikamwambia anipimie sukari.

Gari hilo nililinunua mwenyewe kwa kiinua mgongo changu nilipostaafu kufundisha hisabati. Si la marehemu mume wangu, si la mwanangu, ni langu. Nalisema hili mapema kwa kuwa ndilo lililokuja kuleta maneno. Kila Jumatatu na Alhamisi lilinifikisha Pujini kwa dada yangu mkubwa, ambaye kiharusi kimemlaza upande mmoja. Namwogesha, namsuka nywele, tunasengenya kidogo, narudi. Wakwe zake ni watu wema, lakini hataki kuogeshwa na mtu mwingine, na mimi sitaki aogeshwe na mtu mwingine.

Mwanangu, niliye naye mmoja tu, anaishi Unguja. Aliusikia mngurumo ule alipokuja kunitazama, na tangu hapo akipiga simu haulizi hali yangu, anauliza ekseli.

"Mama, litakuacha njiani hilo. Liuze, uje ukae na sisi. Chumba kipo."

"Na magoti yangu nayo yanalia," nikamjibu. "Nayo utayauza?"

Hakucheka.

Sisemi kwamba sikuogopa. Siku moja natoka Pujini, barabara imelowa, mngurumo ukageuka ukawa wa kusaga, nikausikia mpaka kwenye nyayo. Nikaegesha kando ya mikarafuu, nikazima, nikakaa na mikono juu ya usukani. Gurudumu kung'oka halikuwa jambo lililonitisha zaidi. Nilikiona kile chumba cha Unguja: kitanda kilichotandikwa na mtu mwingine, mkwe wangu akinizuia kuingia jikoni kwa adabu zote, "pumzika mama, pumzika," na mimi napumzika mpaka siku yangu ifike. Nikapiga bismillahi, nikawasha, nikaenda pole pole mpaka gereji mjini Chake.

Fundi nilimsomesha mimi. Alilipandisha gari juu ya jeki, akazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, akaniita nisogee nisikilize.

"Beringi ya ekseli imekwisha, mwalimu. Ukiendelea kuendesha italika hata ekseli yenyewe." Akaniambia ukweli wote: spea itoke Unguja, na gari kuukuu kama hili leo utatibu hapa, kesho litauma pale.

"Ya kesho tutayaona kesho," nikamwambia. "Agiza."

Nikaliacha gari pale, mwanangu alipopiga simu nikamwambia liko kwa fundi, nikasubiri. Nikipiga simu, jibu ni hilo hilo: "Bado, mwalimu. Pengine meli ijayo." Meli zikaingia, zikatoka. Pujini nikawa naenda kwa kubadilisha magari ya abiria, nafika jua limeshapanda, namkuta dada yangu na nguo ya jana, ananingoja, hataki kuguswa na mtu. Siku aliponiambia nisijisumbue tena, atazoea, nilitoka nje nikalia nyuma ya nyumba.

Kesho yake nikenda gereji bila ya kupiga simu. Kwenye simu mtu husema analotaka, ila yule kijana hakuweza kunidanganya usoni tangu ana miaka kumi.

"Spea imekuja?"

Akatazama viatu vyake. "Imekuja, mwalimu. Siku nyingi."

"Mbona hujafunga?"

"Mwanao kanipigia simu. Kanambia nisifunge, gari litauzwa."

"Gari la nani?"

Akaokota tambara, akaanza kufuta spana.

"Nakuuliza weye. Gari la nani?"

"Mimi n'lidhani la kwake, mwalimu."

Alidhani! Miaka yote ananiona nalo. Mimi ndiye niliyelileta, mimi ndiye niliyesema agiza. Lakini mwanamume mmoja kamwambia neno moja kutoka ng'ambo, basi gari likapata mwenyewe. Na hakuona kama kafanya kosa, kaona kafanya adabu. Hilo ndilo lililoniwasha.

"Vyema," nikasema. "Miye sitoki hapa."

Nikaenda sokoni, nikanunua mkeka na fungu la miyaa ya kusukia, nikarudi nikatandika kivulini, mbele kabisa ya ile baraza wanaume wanayokaa kungojea magari yao. Nikavua viatu, nikakaa, nikaanza kusuka ukili wa mkeka mwingine.

Gereji ni mahali pa wanaume kusema ovyo. Siku ile haikusemwa hata ovyo moja. Nusu yao niliwasomesha, nusu ya pili niliwasomeshea watoto. Kila aliyeingia ilimbidi asimame, ainame, "Shikamoo mwalimu," na mimi namwitikia kwa kirefu, namuuliza mama yake, namuuliza watoto. Sigara zikafichwa ndani ya viganja. Mtu akaanza hadithi yake, akaniona, akaimeza. Redio iliyokuwa ikiimba mapenzi ikahamishiwa kwenye kisomo cha Kurani. Ilipoadhiniwa adhuhuri nikaenda kuswali, wakadhani nimeondoka. Nikarudi.

"Mwalimu, nenda zako nyumbani, nitakupigia," fundi akasema.

"Nimeshapigiwa simu vya kutosha."

Jioni nikakunja mkeka, na asubuhi nikaja nao tena. Wale wa barazani waliponiona nauteremsha, wakamgeukia fundi wenyewe. "Mfungie mwalimu gari lake, bwana, tupate kukaa!" Alasiri gari likashuka kwenye jeki.

Nikaliendesha moja kwa moja mpaka Pujini. Nyuma kimya. Nilisikia matairi yakikanyaga maji, nilisikia kuku wa watu. Dada yangu alishtuka aliponiona mlangoni, akagomba: zamani alikuwa ananisikia toka mbali, anapata wasaa wa kujiweka sawa. Nikamwogesha akiwa bado anagomba.

Mwanangu sikumpigia. Niliacha aje, naye akaja. Nilimpokea bandarini Mkoani, kashika begi kubwa, jepesi. Nilipoliinua kulitia nyuma nikajua: lilikuwa tupu. Alikuja kunipakia nguo zangu.

Akapanda. Njia nzima kainamisha sikio, anangojea mngurumo. Tulipofika karibu na Ole akakata tamaa.

"Umelitengeneza."

"Nimelitengeneza."

"Mama, hivi kukaa na mimi ni adhabu?"

Nikaegesha, nimtazame nikimjibu. "Nakupenda, mwanangu, na mke wako nampenda. Lakini kwenu nitakuwa mgeni asiyeondoka. Siku nitakayoshindwa nitakwambia mwenyewe. Na ukiwa na neno kuhusu gari langu, niambie mimi. Fundi si mama yako."

Akafuta uso kwa kiganja, akasema nimsamehe. Nikamsamehe, lakini si siku ile.

Jumatatu nilikwenda naye Pujini, akamtekea maji ya kuoga mama yake mkubwa, ndoo baada ya ndoo. Alhamisi asubuhi, kabla ya kumrudisha Mkoani, nikalifungua begi lake nikalitia mihogo, ndizi, pweza mkavu na embe, mpaka zipu ikagoma.

"Zito hili, mama," akasema pale bandarini, kalipachika begani, kapinda upande mmoja.

"Si ulikuja kubeba?" nikamwambia. "Beba."

Nikageuza gari, nikashika njia ya Pujini. Dada yangu alikuwa hajaoga.