Waliobaki Makka

Shule ninayofundisha historia iko juu ya kilima upande wa Kamembe, na dirisha la darasa langu linatazama mabati ya Bukavu, Kongo, ng'ambo ya mto. Nilizaliwa kule, nikalelewa kule, nikarudi Rwanda ya wazazi wangu nikiwa mtu mzima. Kwa hiyo nilipoona magodoro yanavuka kuja kwetu kwenye mpaka wa Rusizi ya Kwanza asubuhi baada ya asubuhi, kisha friji, kisha milango iliyong'olewa na bawaba zake, sikuhitaji redio kuniambia kwamba vita vinakaribia. Mtu akibeba mlango, ujue nyumba ameshaiaga.

Wiki ile somo lilikuwa kuanza na kuenea kwa Uislamu. Mimi ni Mkristo, na nililifundisha kama nilivyofundishwa: mishale kwenye ramani, kutoka Makka na Madina hadi Shamu, Misri, mpaka Uhispania. Tulipofika kwenye Hijra niliacha Kiingereza cha kitabu nikaeleza kwa Kiswahili, jinsi waumini wa kwanza walivyoteswa na watu wa mji wao, wakaanza kutoka kimyakimya kwenda Madina, familia moja moja. Ndipo milio ya mizinga ikasikika ng'ambo. Ilikuwa mizito, kama mtu anaburuta kabati kwenye sakafu ya mbao. Vioo vilitikisika, lakini hakuna mwanafunzi aliyegeuza kichwa. Hilo ndilo lililonitisha.

Msichana mmoja aliyekuwa akivuka kila siku kutoka Bukavu, binti wa mama muuza vitenge, alinyoosha mkono akauliza kwa Kiswahili cha kwao.

"Madame, na bale benye balibakia Makka? Balifanyiwa nini?"

Sikujua. Kitabu kiliondoka na waliokimbia na hakikutazama nyuma. Nikamwambia nitamjibu.

Wakati wa mapumziko nilimfuata mwalimu wa hesabu, Mwislamu pekee kati yetu. Tulikuwa tumeketi meza moja miaka mitano, na sikuwahi kumwuliza neno juu ya dini yake.

"Wengine walifungiwa na jamaa zao," alisema. "Wengine walikuwa wanyonge tu. Wazee, wanawake, watoto. Hawakuwa na njia. Qurani inawataja, Maman, na haiwalaumu."

"Na waliofika Madina?"

"Wenyeji waligawana wageni. Huyu anamchukua yule, anamwita ndugu. Na kabla ya hapo kuna waliokimbilia Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo. Watu wa Makka walimtumia zawadi ili awarudishe. Akazikataa." Akafuta chaki mikononi. "Nani amekuuliza?"

Nilipomtajia msichana yule, aligeuka akatazama ng'ambo ya mto.

Mchana huohuo mpaka ulifungwa. Msichana hakuwa na pa kurudi, nikamchukua kwangu. Mama yake alipokea simu mara moja tu.

"Madame, unichungie mutoto."

"Vuka, Mama! Tafuta njia yoyote."

"Koko hawezi tembea. Nitamuacha na nani?"

Nyuma ya sauti yake nilimsikia koko mwenyewe, bibi yao, akikohoa, kisha laini ikakatika. Tulijaribu tena siku ile na kesho yake. Simu haikuita.

Msichana hakulia. Alikuwa akiosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Tulipokuwa tukichambua sombe, majani ya muhogo, nikampa jibu nililopewa, kwamba waliobaki hawakulaumiwa. Alinisikiliza, macho kwenye majani.

"Na kisha?"

"Kisha, miaka kadhaa baadaye, waliotoka walirudi."

"Balibakuta?"

"Wengine," nikasema.

Siku ya tano mpaka ulifunguliwa kwa saa chache. Tulisimama kwenye kizuizi tangu asubuhi, na mwalimu wa hesabu alitufuata hapo akiwa na kanzu yake ya Ijumaa. Walivuka wapagazi, akavuka mwanamke aliyebeba cherehani, kisha wakaja wadogo wawili wa msichana, wameshikwa mikono na mpagazi aliyemfahamu mama yao. Mama hakuwepo. Yule mkubwa, wa miaka minane, alisema mama kabaki na koko, na kwamba watu wameingia dukani. Watu gani, hakujua.

"Nyumba yako ina vyumba viwili," mwalimu wa hesabu aliniambia. "Hawa wadogo nawachukua mimi."

Msichana aliitazama kanzu yake. "Mwalimu, hawa banaombaka mbele ya kula. Banafanya alama ya musalaba."

"Waombe tu. Chakula hakitapoa."

Mama yao alivuka baada ya wiki tatu, peke yake, amevaa viatu vya kiume. Aliketi kwenye kibaraza cha mwalimu wa hesabu akaomba maji, akanywa, akaomba tena. Hatukumwuliza habari za bibi. Binti yake alipiga magoti akamvua viatu vile, kimoja, kisha cha pili, na mama akaweka mkono juu ya kichwa chake bila kumtazama. Siku hizi wote wanne wanakaa katika chumba cha uani pale pale, na mama bado hajatuambia alimzika bibi wapi.

Jumamosi iliyopita jirani yangu, mtu wa hapa hapa ambaye hajawahi kukaa kwingine, alisimama kando ya bomba akisubiri zamu yake. Aliniuliza, huku akitazama maji, kama nina ndugu Kigali, mbali na mpaka.

Nikamjibu ninaye. Mchana nilimpigia simu ndugu huyo, nikamwuliza nyumba yake ina vyumba vingapi.