Spika Iliyoanikwa Pamoja na Ndengu

Wiki ambayo watu wa mchumba wangu walikuwa waje kwetu kubisha hodi ya kuniposa, mama yake alinipigia simu kutoka Meru kuuliza kama nyumbani tu wazima. Mtu mwenye akili timamu angejibu kwamba tu wazima. Mimi nilimjibu kwamba mtaani kwetu Majimbo redio haishikwi kwa mkono: tunaiambia icheze, inacheza, tunaiambia inyamaze, inanyamaza. Alikaa kimya, nami nikakichukua kimya hicho kuwa ni kustaajabu.

Sikuwa nimedanganya kabisa. Spika ya kuamrishwa kwa sauti nilikuwa nayo, nimeinunua kwa ajili ya ugeni huo, na nilipoijaribu chumbani kwangu ilinitii. Mama yangu akaniomba aihifadhi isichafuke. Lakini asubuhi ya wageni, nilipoiweka mezani na kuichomeka, ilikataa kuwaka.

Mimi ni mtu wa kupiga soksi pasi. Ninachojua kuhusu simu na kompyuta nimejifunza mwenyewe kwa video, na aliyejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumlaumu. Akilini nilishamwona mama mkwe akiingia, akiikagua meza, kisha akimgeukia mwanawe kwa jicho la kusema: umetuletea mwongo.

Nikabadilisha soketi. Nikachomeka taa kwenye soketi ileile. Taa ikawaka, nikaichukia. Nikabonyeza kitufe cha kuianzisha spika upya mpaka kidole kikafa ganzi. Nikasoma mtandaoni, ambako mtu mmoja alishauri programu ipakuliwe upya na mwingine akashauri spika inunuliwe upya. Nikajaribu chaja zote za nyumba. Hakuna hata moja iliyoingia kwenye tundu lake.

"Umeiongelesha kwa Kizungu?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Mama, haijawaka. Haiwezi kusikia."

"Labda inajifanya. Hata wewe ukiitwa kuosha vyombo huwa hivyo."

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa amefika mapema kutoka Ishiara na gunia la ndengu, choroko za shambani kwake, kwa kuwa ndiye angekuwa msemaji wetu. Aliipima spika mkononi kama mtu anayenunua kuku.

"Hii imeishiwa na makali," alisema. "Ipelekwe juani."

"Mjomba, hii haina betri."

"Hakuna kitu hakina betri. Ni vile walikuficha."

Huku kwetu betri za redio zimeanikwa tangu zamani, na zikitoka juani huweza kufikisha taarifa ya habari mpaka mwisho. Nilimpinga mjomba kwa hoja za kisayansi, kisha nikaenda kuoga. Nilipotoka, spika ilikuwa uani, katikati ya ndengu zilizotandazwa juu ya gunia, waya wake umekunjwa kando kwa adabu. Na wageni walikuwa wanaingia getini.

Mama mkwe alisimama mbele ya ndengu.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo, mama."

"Inaota jua?"

"Imekataa kuwaka," nikasema, nikitamani ardhi inifunike pamoja na ndengu.

Aliwageukia wenzake akawaambia kwa Kimeru, ambacho Mwembu yeyote kama mimi angekielewa, kwamba Mungu ni mwema, kitu kimekufa.

Kumbe kule Meru spika yangu ilikuwa imewanyima usingizi. Kwa desturi, kabla idadi ya mbuzi wa mahari haijatajwa, kila upande hujitenga ukanong'ona. Wao walikuwa wameshakubaliana kunong'onea ndani ya gari, vioo vimefungwa, mbali na kitu kinachosikia.

"Ikishika makali kidogo nitairudisha ndani," mjomba aliwaahidi.

"Wacha ipumzike, mzee!" walijibu karibu wote pamoja.

Nilitumwa kuleta viti vilivyobaki uani. Nilipopita kando ya ndengu, ncha ya waya, ile inayoingia kwenye spika, ilimeta machoni pangu. Kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni: si rimoti, si godoro, si viti vya sebuleni. Mama alikuwa ameivisha ncha hiyo kipande chembamba cha nailoni angavu, vumbi lisiingie, nacho kilikuwa kimeigandama kama ngozi. Nilikuwa nimechunguza kila kitu isipokuwa hapo. Lile jua la mjomba ndilo lililonionyesha.

Nikakibandua. Sasa ilibaki kuingia nayo ndani, niichomeke, wote waone kwamba sikusema uongo. Mikono iliniwasha. Nilikuwa nimeshaikumbatia pale mlangoni nilipomsikia mama mkwe akimwambia mama:

"Mimi nilikuwa na wasiwasi. Msichana aliyezoea kuambia kitu nyamaza na kinanyamaza, si atamfanyia mwanangu vivyo hivyo?"

"Huyu?" mama akacheka. "Huyu hata kuku hawamtii."

Nikarudi, nikailaza spika palepale kwenye ndengu, nikaingia na viti.

"Imewaka?" mjomba aliuliza kwa matumaini.

"Bado imekataa, mjomba." Huo sasa ndio ulikuwa uongo, na ulitoka laini kuliko ukweli wote niliosema kwenye simu.

Mama mkwe alinigeukia.

"Kwani hiyo kitu ingetuambia nini leo?"

"Mambo mengi, mama. Hata hali ya hewa."

"Haya. Kesho Meru kutanyesha?"

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Jibu ningelipata kabla hajapepesa macho. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaigusa.

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui," alisema, akauondoa mkoba wake kwenye kiti kilichokuwa kando yake. "Kuja ukae hapa."