Mashini Niliyoivua Mwenyewe

Watu wa Kalemie wakikuambia kwamba ateliye ya reli, karakana yetu, iliuawa na vita, usiwasadiki. Nilifanya kazi mle enzi za Zaire, vita vikiwa bado mbali. Tuliiua wenyewe, kwa spana zetu.

Wazungu waliijenga karibu na bandari, ili kutengeneza mashini, yaani vichwa vya treni, za kuvuta mizigo iliyoshushwa kutoka melini. Mle ndani mlikuwa na desturi moja niliyoipenda: kila mashini ilikuwa na fundi wake, na mwingine haigusi bila kumuuliza. Yangu ililetwa silinda zake zimepasuka. Nilihangaika nayo karibu mwaka mzima, na mke wangu akachoka kusikia habari zake mezani. Nilitaka jambo moja tu: itoke pale, ifike Kabalo na kurudi, nami nimekaa kando ya dereva.

Kazi ilikuwa imebaki kidogo sana shefu wa ateliye alipokuja. Treni ya abiria ilikuwa imekwama, pampu yake ya mafuta ya mazuti imekufa, na ghalani hamkuwa na nyingine.

"Papa, tuazime ya kwako. Juma moja tu, nitakurudishia."

"Shefu, pampu njo moyo wa hii mashini."

"Juma moja, Papa."

Nikaifungua. Kwa kuwa sikumwamini, niliandika kwa chaki ubavuni mwa mashini: pampu, ilikokwenda, na sahihi yangu. Nilijiona mjanja. Juma lile halijaisha mpaka leo. Baada ya pampu akataka betri, kisha dinamo, kisha breki, kisha kiti cha dereva, ambacho nilikuja kukiona barazani kwake, mkewe amekikalia akichambua mboga za lengalenga. Nilimtukana kimoyomoyo, nikarudi kuandika: kiti. Orodha ikajaa ubavu mmoja, nikahamia wa pili.

Ndipo akaja mkaguzi kutoka makao makuu, ndani ya suti ya abakosti iliyopigwa pasi vizuri, kuuliza kwa nini mashini nzima imebaki bati tupu. Alisoma maandishi yangu yote, pole pole, bila kuruka neno. Kisha akaniita, kwa neno la enzi zile la kumwita kila raia.

"Sitwayen, haya maandiko njo ya kwako?"

"Njo yangu. Lakini shefu njo alinituma."

Shefu alikuwa amesimama nyuma yake. Akatazama viatu vyake.

"Miye sikumutuma kitu," akasema.

Nilifukuzwa kabla ya saa sita mchana. Yeye alibaki na cheo chake, na kiti.

Nimemlaani mtu yule miaka mingi, na bado namlaani. Ila kuna jambo sijamwambia hata mke wangu. Mkaguzi hakukosea sana. Kila bolti niliilegeza mimi, niliyejua inashika nini. Mara ya kwanza nilibembeleza. Mara ya pili nilinung'unika. Kukataa, sikukataa hata mara moja.