Mgeni wa Maji ya Jana

Usije ukaniambia niliota. Nilikuwa macho, jua halijazama, na kikombe cha chai kiko mkononi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Majengo, Nyeri. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize.

Kilikuwa kiangazi. Ukikaa Nyeri unakijua: usiku baridi ya kukata mifupa, mchana vumbi, midomo inapasuka mpaka unaogopa kutabasamu. Binti yangu Rukia, miaka miwili, akawa anatoka damu puani. Mume wangu akaleta mashine ya mvuke, ile unayoijaza maji kwenye tangi lake dogo, nayo inapuliza unyevu chumbani. Mtoto akaanza kulala vizuri. Niliipenda mashine ile kuliko televisheni.

Kuosha? Nioshe nini? Maji yetu yanatoka mlimani, bwana! Sisi watu wa huku tunajigamba nayo, na mgeni akichemsha maji ya kunywa tunamcheka. Basi yakipungua naongeza, yakipungua naongeza. Sikuwahi kumwaga yaliyobaki chini wala kupitisha kitambaa.

Rukia akaanza kukohoa. Kisha kifua kikawa kinalia kama mlango mbovu. Dawa za hospitali hazikusaidia kitu. Habari zikaenea mtaani, watu wakaja kumjulia hali, na mwanamke mmoja akaja nao.

Mimi nilidhani ni wa ukoo wa mume wangu. Mume wangu alidhani ni wa kwetu. Na utamfukuzaje mtu aliyekuja kumwona mgonjwa? Leso yake ilikuwa imeloa pindoni, na mvua haijanyesha hata tone. Nikamsalimu, hakuitikia. Nikamletea chai, hakuigusa. Aliketi kwenye kiti kando ya mashine akivuta ule mvuke kwa pumzi ndefu ndefu, na chumba kikanuka gunia lililosahauliwa nje. Alisema neno moja tu.

"Usimwage hayo maji, mwanangu. Ongeza tu."

Nami mjinga nikaongeza.

Akawa anakuja kila jioni. Wallahi nakwambia, kila alipokuja alikuwa amenenepa, na kila alipoondoka mtoto wangu alikuwa amekonda. Nilikuwa nimeanza kumlilia Rukia akiwa bado hai. Unajua uchungu huo? Heri usiujue.

Jioni moja jirani yangu Mama Ciku akaleta maziwa. Hata hakusalimu.

"Mama Rukia, nyumba yako inanuka nini? Ati umeozesha viazi chini ya kitanda?"

Akataka kukaa kwenye kile kiti. Nikamshika mkono, nikamwambia si unaona pana mgeni.

"Mgeni gani? Uko sawa wewe?" Akanusa, akanusa, pua ikamfikisha kwenye mashine. "Ni hii kitu! Kwani huwa hauoshi?"

Yule mwanamke alikuwa ananitazama, anatikisa kichwa polepole. Nikafungua tangi. Lo! Chini kumelala ute wa rangi ya waridi, na pembeni kuvu jeusi limetapakaa madoa madoa. Hicho ndicho mwanangu alichokuwa akipuliziwa puani!

"Funika!" mgeni akapiga kelele. "Funika, baridi inaniingia!"

Nikamwangalia usoni. Mashavu yake yote yalikuwa na madoa yale yale, na yalikuwa yanatembea.

Badala ya kukimbia nilipandwa na hasira. "Unamla mtoto wangu, tena kwa maji yangu mwenyewe!" Nikachomoa waya, nikabeba tangi mpaka uani, nikamwaga. Mle ndani yule mgeni akalia kama ng'ombe anayechinjwa. Mama Ciku aliyesimama mlangoni hakusikia chochote. Nikatia siki nyeupe, nikaiacha ikae, nikasugua kila kona kwa brashi, nikasuuza mpaka harufu ikakata. Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Mto wake umelowa chapa chapa, na Mama Ciku mwenyewe aliyaona yale madoa meusi juu yake. Tuliuchoma.

Rukia yu hai, na sasa amekua, alhamdulillahi. Lakini akikimbia kidogo tu na wenzake husimama kushika ukuta, na pampu ya kuvutia dawa haimtoki mfukoni. Watoto wanamcheka. Mimi nalia chooni asinione.

Siku hizi namwaga kila asubuhi, naosha, nafuta, naliacha tangi wazi likauke. Kila wiki siki. Maji nachemsha, nayapoza, na watu wacheke watakavyo. Vioo vya dirisha vikianza kutoa jasho, nazima.

Ila sikiliza. Juzi nilipita Ruring'u, nikamwona yule mwanamke dirishani mwa nyumba ya watu. Amenona, ameketi kando ya kitanda cha mtoto, mvuke unampanda kifuani. Nikagonga kama mwendawazimu. Mama kijana akafungua kidogo, nikamwambia akamwage yale maji, akanikunjia uso.

"Mama, mtoto wangu ni mgonjwa na tuko na mgeni. Rudi kesho."

Akanifungia mlango.

Sasa wewe unayenisikiliza, umelifungua lini tangi lako? Nenda kalifungue. Ukijifanya unajua sana, shauri yako. Mimi kwenye matanga yako siji.